Kidole Kilichochukua Simu

Mpelelezi alifika dukani saa tatu kasorobo, mlinzi akiwa bado anahangaika na komeo la chini. Alisimama nje, akaangalia vioo, akaangalia ngazi tatu za kuingilia, akaangalia na kibao cha foleni kilichoegemezwa ukutani kikisubiri kuwekwa mahali pake. Tangu enzi zake za upolisi, na hata sasa alipokuwa akichunguza malalamiko ya wateja wa kampuni ya simu, wenzake walimwita Taratibu, na jina lilimkaa kama shati lililoshonwa kwa kipimo chake. Kwapani alibana daftari la mistari, lile la watoto wa shule. Penseli ilikuwa nyuma ya sikio.

Juu ya mlango palining'inia bango refu: MTEJA WA MIAKA KUMI, SIMU MPYA KWA NUSU BEI. LETE YA ZAMANI, ONDOKA NA MPYA. Chini yake, kwa maandishi ambayo mtu sharti asogee ndipo ayaone: mwisho leo, saa kumi na moja jioni.

Taratibu alisogea, akasoma, akaandika saa hiyo kwenye daftari.

Meneja alimpokea kwenye ofisi yake, chumba kilichokatwa kwa mbao nyembamba kutoka kwenye duka. Feni la mezani lilizunguka vizuri kuelekea kulia, lakini kila lilipofika kushoto lilikwaruza na kukohoa. Mbele ya meneja palikuwa na barua moja iliyokwisha kuchapwa. Ilikosa sahihi tu.

"Ya nani hiyo?" Taratibu aliuliza kabla ya kukaa.

"Ya binti wa dirisha la tatu. Makao makuu wamesema nikupe nafasi leo. Usipopata kitu mpaka tunafunga, naitia sahihi na anakwenda nyumbani kwake."

"Basi tusiipe haraka hiyo kalamu. Nieleze kama vile sijasikia lolote."

Meneja akalegeza tai. Jambo lenyewe lilikuwa fupi. Wiki tatu nyuma, siku ya Jumanne, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, simu mpya ya punguzo ilitolewa dirisha la tatu. Kompyuta iliiandika kwenye laini ya mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa dobi wa hospitali hadi alipostaafu. Kila mteja ana haki ya simu moja. Juzi yule mama alikuja mwenyewe kudai yake, akaambiwa ameshaichukua. Akasema hajawahi kukanyaga hapo mwaka huu mzima, ila alipata meseji ya kumpongeza kwa simu mpya akadhani ndio anaitwa kuja kuichukua.

"Na mashine inasemaje?"

"Mashine inasema kidole gumba ni chake. Hakuna mashaka."

"Basi mama anadanganya."

"Ndivyo nilivyosema na mimi. Lakini masharti ni kurudisha simu ya zamani, na yake ya zamani alikuwa nayo mkononi juzi. Ile ile, namba ile ile. Angeirudishaje halafu awe nayo?"

"Kwa hiyo Jumanne ile kuna simu ya zamani iliyorudishwa, na si yake."

"Iko stoo, ndani ya mfuko, imefungwa kwa lakiri."

"Nani ameufungua mfuko?"

Meneja alipandisha mabega. "Wa nini? Simu kuukuu ni simu kuukuu."

Taratibu aliandika neno moja, stoo, akalipigia mstari mara mbili.

"Kamera?"

"Inajifuta kila baada ya siku kumi na nne."

"Alipokuja juzi, mlimwekesha kidole?"

"Hapana. Alinitajia namba yake, nikaona imeshachukuliwa, nikaifunga isiguswe mpaka uje. Na sasa tazama hiki." Meneja alivuta droo, akatoa mfuko wa nailoni, na kuuweka juu ya meza polepole kana kwamba ndani mna yai. "Nimekikuta kwenye droo ya yule binti. Kule tawi la pili, mwaka jana, mtu alinakili kidole cha mteja kwa nta. Unakumbuka."

Ndani ya mfuko mlikuwa na kopo dogo la mafuta ya mgando, kifuniko chake kimepasuka ukingoni, na kitambaa cheupe kilichokunjwa mara nne. Mafuta yalikuwa yamejaa mashimo ya vidole. Taratibu alikigusa kitambaa kwa nje ya nailoni. Kilikuwa bado na unyevu.

"Mafuta ya kupaka," alisema.

"Mafuta ya kupaka hukaa mkobani. Hayakai kwenye droo ya kazi, pamoja na kitambaa kibichi."

"Hapo umesema neno," Taratibu alikubali, akaliweka kopo kwenye mfuko wa koti lake. "Niitie binti."

*

Binti wa dirisha la tatu alikuwa amekalishwa kwenye kijichumba cha chai, kati ya maboksi matupu na birika la umeme. Macho yalikuwa yamemvimba, lakini kola ya sare yake ilikuwa imepigwa pasi na kitambulisho cha kazi kiko mahali pake. Alisimama Taratibu alipoingia.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti yangu. Kaa. Miaka mingapi hapa?"

"Mitano."

"Nyumbani mko wangapi?"

"Watano. Anayefanya kazi ni mimi peke yangu." Alilisema kama mtu anayetaja namba ya nyumba, kisha akakaa.

"Nieleze Jumanne ile."

"Baba, kwa siku nahudumia watu sitini, sabini. Lakini yule namkumbuka kwa sababu alinichekesha. Mama mnene kidogo, mtandio wa rangi ya chungwa. Aliponiona tu akaniita mkwe. Akasema ana mtoto wa kiume, mpole, hana kasoro ila anakoroma, na kwamba nikishazoea kukoroma nitaishi raha mustarehe. Watu wote kwenye foleni walicheka."

"Meneja anajua hilo?"

"Nilimwambia. Akasema nimetunga."

"Akaweka kidole."

"Akaweka. Mara moja tu, mashine ikakubali, taa ya kijani. Jina likatokea."

"Ulilisoma?"

"Kwenye skrini yetu linaonekana jina la ukoo peke yake. La kwanza wamelifunika kwa vinyota tangu mwaka jana, eti majina ya wateja yasisomwe na kila mtu. Nikamwonyesha jina la ukoo, akasema ndilo hilo hilo. Nikapokea simu yake ya zamani, nikaifunga mfukoni na kila kilichokuwa nayo, nikapiga lakiri. Ndio utaratibu."

Taratibu alitoa kopo, akaliweka juu ya boksi lililokuwa kati yao. "Na huu nao ni utaratibu?"

Binti aliliangalia kopo, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akaonekana kukasirika badala ya kuogopa. "Huo ni utaratibu wangu. Watu wengine vidole vyao mashine haivisomi. Mafundi ujenzi, kwa ajili ya saruji. Wanaosugua masufuria kwenye mabweni. Kidole kimekuwa kama kijiko. Wanasimama pale wanajaribu mara kumi, foleni inawazomea, mwisho wanaondoka wameinamisha kichwa kama wezi. Mimi nawafuta na kitambaa kibichi, nawapaka mafuta kidogo, tunangoja dakika moja, tunajaribu tena. Wengi wanakubaliwa. Kama hiyo ndiyo dhambi yangu, niandikie."

Penseli ya Taratibu, iliyokuwa ikitembea tangu alipoanza kusema, ilisimama.

"Wanaofua nguo je?" aliuliza.

"Hao ndio wabaya zaidi. Sabuni kali inakula kila kitu."

"Na yule mama wa Jumanne, ulimpaka mafuta?"

"Hapana. Nimekwambia, mara moja tu. Kidole chake kilikuwa safi kama muhuri mpya."

Taratibu alifunga daftari. Akanyanyuka, akafika mlangoni, akageuka.

"Kunywa chai. Na usiongee na mtu, hata mlinzi."

*

Bi Dobi, maana mtaani kwake hata watoto walimwita hivyo, aliingia saa tano kamili kama alivyoagizwa. Alikuwa mwembamba, amenyooka, amevaa gauni jeupe lililopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama. Meneja alimpa kiti. Taratibu alimwamkia kwanza, akamwuliza habari za nyumbani na za wajukuu, akangoja ajibu zote.

"Wajukuu ndio walionileta," Bi Dobi alisema. "Binti yangu yuko mbali, amejifungua mapacha. Wana miezi minne. Nimewasikia wakilia tu. Anatuma picha, lakini simu yangu hii haipokei picha. Namwuliza wanafananaje, ananiambia mama, hata nikikueleza hutaelewa, wewe tafuta simu." Alifungua mkoba, akatoa simu yake ya vitufe, akaivua kwenye kijifuko chake na kuiweka mezani. "Sasa nasikia nimeshapewa. Labda nimeila."

Taratibu hakuiangalia simu. Aliangalia kijifuko. Kilikuwa cha kitambaa kizito cheupe, chenye mstari wa kijani ukingoni, kimeshonwa kwa mkono, mishono midogo midogo iliyokaa sawasawa kama punje za mchele.

"Shuka la hospitali hili," alisema.

"Lililochanika. Wakati wa kustaafu walinipa moja niondoke nalo. Sikuiba."

"Sikusema umeiba, mama. Nasifu mshono." Akamgeukia meneja. "Mwambie mtunza stoo alete ule mfuko wa Jumanne. Asiufungue. Na wewe lete mashine ya vidole."

Mashine ilikuja kwanza, kiboksi cheusi chenye kioo kidogo chekundu. Bi Dobi alikitazama kama mtu anayetazama mbwa aliyemng'ata zamani.

"Weka gumba la kulia, mama."

Aliweka. Taa nyekundu. Alifuta kwenye gauni, akaweka tena. Nyekundu. La kushoto, nyekundu. Meneja mwenyewe aliinama akambonyezea kidole, mashine ikapiga mlio wa kukataa, mara tatu, mara nne.

Taratibu alimshika mama mkono kwa adabu, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ncha za vidole zilikuwa laini na zinang'aa, hazina hata mstari.

"Miaka mingapi kwenye mapipa ya kufulia?"

"Thelathini na mmoja."

"Meneja," alisema Taratibu bila kuuachia ule mkono, "kidole hiki ndicho mashine ilichokubali Jumanne mara moja, pasipo mashaka?"

Feni likakohoa.

"Tena hakijaharibika wiki hii. Mama, laini yako ilisajiliwa wapi?"

"Humu humu. Miaka kumi na miwili sasa. Kijana aliyenisajili hayupo tena."

"Kwa kidole chako?"

Bi Dobi alirudisha mikono yake mapajani, akaifunika kwa mtandio. "Kwa kidole," alisema.

Taratibu alingoja. Alikuwa na subira ya mtu anayeivisha maharage kwa moto mdogo. Alinoa penseli yake kwa kiwembe, akakusanya unga wote kwenye kiganja, akaumwaga kwenye kapu la taka.

Mtunza stoo aliingia na mfuko. Taratibu alisoma namba ya lakiri kwa sauti, akamfanya meneja aisome naye, wakaandika wote wawili. Ndipo akaikata. Alimimina kilichomo juu ya meza: simu ya vitufe, nyekundu, kitufe cha tano kimefutika kabisa. Na kijifuko. Kitambaa kizito cheupe, mstari wa kijani ukingoni.

Akavilaza vijifuko viwili ubavu kwa ubavu. Mishono ilikuwa ya mkono mmoja.

"Ulishona vingapi, mama?"

Bi Dobi alikuwa ameishika mikono yake kwa nguvu. "Nikisema kitu," alisema polepole, "mtu atafungwa?"

"Usiposema, kuna mtu atafukuzwa kazi leo saa kumi na moja. Barua yake hiyo hapo, chini ya kiwiko cha meneja. Ni binti wa dirisha la tatu. Ndiye pekee humu ndani anayetunza kopo la mafuta kwa ajili ya watu wenye vidole kama vyako." Akalitoa kopo mfukoni, akaliweka karibu na vijifuko. "Sikutishi. Nakwambia tu yalivyo."

Mama alilitazama kopo kwa muda mrefu, mashimo ya vidole vya watu ndani yake. Kisha akashusha pumzi, mabega yakashuka nayo.

"Vilikuwa viwili. Kimoja changu, kimoja cha wifi yangu." Akaendelea, na sasa maneno yalikuja bila kuvutwa. "Siku ile ya kusajili walikuwa wanazikata laini zote zisizosajiliwa, ikifika jioni basi. Mume wangu alikuwa amelazwa wodini. Mimi niko kwenye mapipa, njia ya kupata habari zake ni simu. Nikaomba ruhusa nikaja humu, foleni imefika barabarani. Nikaweka kidole, mashine ikakataa. Nikaweka vyote kumi, ikakataa. Yule kijana amechoka, watu wananisukuma. Wifi yangu alikuwa nyuma yangu, amekuja kusajili ya kwake. Ni ndugu wa tumbo moja na mume wangu. Akanipitishia mkono begani, akabonyeza gumba lake. Akasema, haya, twende, kaka anatungoja. Kijana hakusema kitu. Kisha wifi akasajili na ya kwake, kwa gumba hilo hilo."

"Yako kwanza, yake ya pili."

"Ndiyo."

Taratibu aliandika mstari mmoja, akauzungushia duara. "Mpigie," alisema. "Mwambie aje na simu aliyonayo."

"Hana simu nyingine, zaidi ya hii nyekundu. Ndiye aliyenikataza nisije. Alisema hawa watu wa simu ni..." Akaitazama ile simu nyekundu iliyolala mezani. Akaitazama tena. "Ajabu," alisema. "Maana jana tu tuliongea kwa simu."

*

Sauti ilitangulia. Ilisikika toka mlangoni ikimwuliza mlinzi kama amekula, kisha ikimwambia asijibu maana uso wake unasema hajala. Mtandio wa rangi ya chungwa ukafuata, na chini ya mtandio mwanamke mnene kidogo, anahema, mkoba umebanwa kwapani kwa namna ya mtu mwenye kitu cha kuficha. Alipopita kijichumba cha chai, akasimama.

"Mkwe wangu," alisema. "Mbona umekonda hivi? Hawa wanakunyima kula?"

Binti wa dirisha la tatu alijifunika uso kwa mikono miwili. Mabega yalitikisika, na ilichukua muda kujua kwamba alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Meneja, aliyekuwa mlangoni kwake, alibaki ameshika tai.

"Huyo ndiye niliyemtunga," binti alimwambia.

Wifi aliingia ofisini, akamwona Bi Dobi, akaona na vijifuko viwili mezani. Furaha ikampungua usoni kama maji ya kwenye karai lililotoboka.

"Wifi," alisema Bi Dobi.

"Wifi yangu."

"Si uliniambia hawa watu wa simu matapeli?"

"Nilisema."

"Ukasema nisipoteze nauli yangu."

"Na hilo nilisema."

"Kisha ukaja Jumanne."

"Nilikuja kuhakikisha."

"Ukahakikisha ukatoka na simu."

"Sasa ningehakikishaje bila kutoka nayo?" Wifi alikaa, akaweka mkoba juu ya magoti. "Nilitaka nikuambie. Kila siku naamka nasema leo namwambia. Lakini nilishakusomea hotuba mbele ya majirani, nikaona haya. Ndio maana nikija kwako naiacha nyumbani."

Taratibu alikohoa kidogo. "Mama, weka gumba la kulia hapo."

Aliweka. Taa ya kijani, mara moja. Taratibu alimwomba meneja aingie kwa ufunguo wake mwenyewe, ule unaoonyesha kumbukumbu yote na siyo ya juu tu. Meneja aliketi, akaandika, akainama mbele ya skrini.

"Laini mbili," alisema kwa sauti ndogo. "Kidole kimoja, jina la ukoo moja, laini mbili zilizosajiliwa siku moja. Zimepishana dakika nne."

"Na kidole hiki kikiwekwa dirishani, mashine inamletea binti laini ipi?"

"Ya kwanza. Inaleta ya kwanza tu."

"Ya Bi Dobi." Taratibu alisimama, akaenda kulizima feni, na ofisi nzima ikatulia. "Nitaandika hivi, unisahihishe. Mama huyu ni mteja wa miaka kumi na miwili. Alikuja na simu yake, akaweka kidole chake, akapewa haki yake. Hakuna kilichoibwa. Mashine ikaiandika simu hiyo kwenye laini ya wifi yake, kwa sababu miaka kumi na miwili iliyopita mfanyakazi wa kampuni aliona kidole cha mtu kikitumika kwa mtu mwingine akanyamaza. Binti wa dirisha la tatu alifuata kila hatua aliyofundishwa. Hata simu uliyoiita kuukuu aliifunga vizuri, na hiyo ndiyo iliyomwokoa. Una la kusahihisha?"

"Sina," alisema meneja.

"Na sisi?" Bi Dobi aliuliza. "Kuazimana kidole?"

"Ni kosa. Mlikosa ninyi wawili na kijana wetu akiwa wa tatu, na dawa yake kwenye sheria yetu ni kusajili upya. Tutasajili leo. Sasa kuna jambo moja limebaki, nalo lina saa." Alimgeukia meneja. "Simu ya Jumanne ihamishiwe kwenye laini ya wifi, kunakostahili. Hapo haki ya Bi Dobi inafunguka. Mpaka saa kumi na moja."

"Kuhamisha ni makao makuu."

"Basi wapigie."

Ilikuwa saa nane na robo. Meneja alipiga, akaambiwa angoje. Alituma barua pepe, akaambiwa imefika. Taratibu aliandika taarifa yake kurasa tatu kwa mwandiko wa kusimama, akampa meneja aichape, akaisoma, akasahihisha nukta mbili, ikatumwa. Saa tisa ikapita. Mawifi wawili walikaa kwenye benchi la wateja, kwanza na nafasi ya mtu mmoja katikati, baadaye bila nafasi. Wifi alikuwa ameitoa simu mpya mkobani, na sasa aliishika kwa mikono miwili.

"Hivi inabonyezwa wapi kupokea?" Bi Dobi aliuliza.

"Sijui. Napokea kwa bahati. Mara nyingi naikata."

"Wiki tatu?"

"Ningemwuliza nani, na nimeificha?"

Bi Dobi alijaribu kuukaza uso, ukamshinda. Walicheka mpaka mlinzi akageuka.

Saa kumi na dakika ishirini simu ya ofisini ililia. Meneja alisikiliza, akasema ndiyo, akasema ndiyo tena, akaweka chini. Alitoka mwenyewe hadi kwenye benchi.

"Wamehamisha," alisema. "Tusajili, haraka."

Lakini vidole vya Bi Dobi havikujua habari za haraka. Gumba, kukataa. Shahada, kukataa. Meneja alikuwa anatokwa jasho. Taratibu alitembea mpaka kijichumba cha chai, akalitoa kopo mfukoni na kulitia mkononi mwa binti.

Binti alikuja. Alipiga goti mbele ya benchi, akafuta vidole vya mama kimoja kimoja kwa kitambaa kibichi, akavipaka mafuta kidogo, akavifunika kwa viganja vyake.

"Tungoje dakika moja," alisema. "Usibonyeze kwa nguvu, mama. Kiweke tu, kama unamgusa mtoto aliyelala."

Vidole tisa vilikataliwa. Cha kumi, kile kidogo cha mkono wa kushoto, ambacho labda hakikuwahi kusugua sana, kiliwekwa pale taratibu. Taa ya kijani.

Wifi alisema "haya" kwa pumzi ndefu, na meneja akakaa chini, pale pale kwenye ngazi ya kaunta, na tai yake.

Saa kumi na dakika hamsini Bi Dobi alikuwa na simu mpya mkononi, na binti wa dirisha la tatu akimwonyesha pa kubonyeza. Picha ya kwanza ilifika ikiwa na ukungu, halafu ikajikusanya. Mapacha wawili, wamelazwa kwenye shuka la maua, mmoja analia na mwingine anamshangaa anayelia. Bi Dobi aliisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Huyu anayelia ni wifi mtupu," alisema.

Ofisini, meneja alichana barua mara mbili. Kisha, kama aliyehofia kwamba bado inasomeka, akaichana mara nne, akavimwaga vipande kwenye kapu, juu ya unga wa penseli.

"Nilimhukumu haraka," alisema bila kumtazama Taratibu.

"Mwambie yeye. Mimi nitaandika tu kwamba kopo lirudishwe droo ya dirisha la tatu, na mengine kama hilo yawekwe kwenye madirisha yote." Taratibu alifunga daftari, akachomeka penseli nyuma ya sikio.

Alipokuwa anashuka ngazi alisikia nyuma yake kiti kikiburutwa. Akageuka. Zilikuwa zimebaki dakika nane, na kwenye foleni alisimama mtu mmoja tu, fundi ujenzi, saruji imekauka mpaka kwenye nyusi, ameficha mikono mfukoni. Binti alikuwa ameshakaa mahali pake. Alivuta droo, akaweka kopo juu ya kaunta, akakunjua kitambaa.

"Anayefuata," aliita. "Karibu, kaka. Lete hiyo mikono."